SUV ya kwanza ya McLaren: tuache kugombania taa, tuangalie boneti

Kila tetesi za SUV ya McLaren, kampuni ya Uingereza ya magari ya spoti, zikiibuka siku mbili haziishi picha za kompyuta zimeshasambaa, na karibu zote ni kitu kilekile, mtu kachukua bodi ya Urus, ile SUV ya Lamborghini, kakata pua ya 720S au ya Artura, magari ya spoti ya McLaren, kaibandika mbele, kapaka rangi ya chungwa, kamaliza. Halafu ugomvi unaanza. Hawa wanasema safi kabisa, hiyo ndo McLaren, ukiiona tu kwenye kioo cha kati unajua nani anakuja. Wale wanasema huo ni uharibifu, bora wasitengeneze kabisa kuliko kutuletea 720S iliyovimba. Nimewasikiliza wote muda mrefu na kila upande una hoja nzito, ila naona wanagombania sehemu ya gari ambayo haiamui mambo. Mimi nikichora gari ubavuni kwenye karatasi sianzi na taa, naanza na tairi, halafu injini, halafu makalio ya dereva yanakaa wapi. Hivyo vitatu vikishakaa mahali pake gari imeshajichora yenyewe kwa sehemu kubwa, na ndo maana nasema SUV ya McLaren itapatia au itakosea kabla dizaina hajagusa taa hata moja.

Kwa ambao hawajafuatilia, stori kwa kifupi ni hii. Kipindi ambacho Mike Flewitt ndo mkuu wa McLaren, kampuni ilikuwa inasema waziwazi kwamba SUV haipo kwenye mipango. Mwaka 2022 akaja Michael Leiters, ambaye Ferrari alikuwa mkuu wa ufundi wakati Purosangue, gari yao ndefu ya milango minne, inapikwa na kabla ya hapo Porsche alikuwa upande wa SUV zao, Cayenne na Macan, na yeye akaanza kuongelea hadharani gari ya McLaren ya kubeba watu zaidi ya wawili. Mwaka 2025 McLaren ikanunuliwa na CYVN Holdings ya Abu Dhabi, ikaunganishwa na kampuni changa ya Uingereza inaitwa Forseven na Nick Collins akakaa kwenye kiti cha mkuu. Na tusisahau kwamba mwaka 2021 hawa watu waliuza makao yao makuu pale Woking, Uingereza, kwa pauni milioni 170 halafu wakabaki humohumo kama wapangaji. Kampuni iliyofika hapo huwezi kuiambia iishi kwa magari ya viti viwili peke yake ili roho zetu zitulie. Kwahiyo mimi ule mjadala wa watengeneze au wasitengeneze nimeshauacha, ninachojiuliza ni itakaaje.

Walioingia kwenye huu mtihani mapema na kuumia ni Porsche. Cayenne ilioneshwa Paris mwaka 2002, chasisi wameshirikiana na Volkswagen Touareg, na mbele wakaweka taa za kufanana na za 911 ya wakati ule ili mtu akiona ajue huyu ni mtoto wa nyumba ileile. Ikalaaniwa vibaya sana. Ukiuliza kosa lilikuwa nini wengi watakwambia taa mbaya, lakini taa hazikuwa na shida. Angalia 911 yoyote kwa mbele, taa zimekaa juu ya mapaja ya tairi (bodi inayofunika tairi) na katikati boneti imezama chini, kuna bonde pale, na lile bonde lipo kwa sababu injini iko nyuma, mbele hakuna kitu kirefu cha kufunika. Sura yote ya 911 ni lile bonde. Sasa Cayenne ina V8 mbele, boneti lazima ipande, bonde limejaa, halafu umeweka taa zilezile pembeni ya kilima, uso unaonekana kama wa mtu aliyeng'atwa na nyuki. Walichonakili ni matokeo, sababu wakaiacha nyuma.

Walijifunza lakini. Macan ilivyokuja mwishoni mwa 2013 boneti yake ilitandazwa mpaka juu ya tairi za mbele kama kifuniko kimoja kikubwa, na taa zikatokeza kupitia matundu kwenye boneti yenyewe. Hapo hawakulazimisha bonde ambalo haliwezi kuwepo, walitafuta namna nyingine ya kuyapa mapaja ya tairi nguvu, na gari ikakaa vizuri mpaka leo ukiipita unageuza shingo.

Ila wale wanaotaka SUV ifanane na magari ya spoti ya kampuni wana jibu kwa Cayenne na sio jibu la kubeza hata kidogo. Wanasema haya, mmeita mbaya, mbona ilinunuliwa? Mwaka 2020 Cayenne ya milioni moja ilitoka kiwandani, na hii ni kampuni ambayo mwanzoni mwa miaka ya 90 ilikuwa hoi kifedha. Na ilinunuliwa na nani, na mtu anayeitaka 911 lakini ana watoto watatu, kwahiyo ile sura iliyotukera sisi ndo iliyomwambia yeye kwamba hajaihama Porsche. Ukimletea gari nzuri yenye sura isiyojulikana utakuwa unamuuzia gari ya kampuni nyingine. Nakiri hoja hii inanisumbua kila nikiifikiria, maana mimi naangalia gari kama mchoro na mnunuzi anaiangalia kama ukoo wake.

Lamborghini nao wanawapa nguvu watu wa upande huu. Urus ilitoka Desemba 2017, mifupa yake ni ya familia moja na Audi Q8, Bentley Bentayga na Cayenne, na bado hakuna mtu anaichanganya na hizo. Imekuwa Lamborghini iliyouzwa kuliko zote katika historia yao. Kwanini wao waliweza na Porsche 2002 wakashindwa? Nadhani ni kwa sababu sura ya Lamborghini imejengwa kwa mistari, ni kabari, ni pembe sita, ni alama ya Y imerudiwa mbele nyuma na ndani, na mstari unaweza kuuvuta popote, ukiurefusha haupotezi maana yake. Sura ya Porsche imejengwa kwa maumbo ya duara yanayotegemeana, ukipandisha moja yote yanalegea. Hata hivyo Urus ukiitazama kwa ubavu bila kusoma jina utaona pua yake bado ni ya ndugu zake wa Ujerumani, ule urefu kutoka tairi ya mbele kwenda bampa umebaki mkubwa na mlango umeisogelea sana tairi. Mistari imeficha mengi ila mifupa haifichiki.

Na humohumo Lamborghini kuna mfano wa kinyume. LM002, gari yao ya porini ya kuanzia 1986 mpaka 1993, ina V12 ya Countach, gari yao ya spoti, na haifanani na Countach hata kwa bahati mbaya, ni boksi tupu, ni kama gari ya jeshi iliyokwenda kupiga msasa. Zilitengenezwa kama mia tatu tu. Leo anayeimiliki hakubali kuiachia kirahisi. Kwahiyo kama unaniambia SUV ya kampuni ya spoti lazima ifanane na dada zake ndo ipendwe, LM002 inakataa, na kama mimi nakwambia kutofanana ndo bora, idadi ile ya LM002 na idadi ya Urus zinanikataa mimi. Hapo hakuna mshindi wa wazi.

Sasa tufike kwa Ferrari maana hao ndo kipimo cha karibu. Sergio Marchionne, aliyekuwa mkuu wa Ferrari, mwaka 2016 aliulizwa kuhusu SUV akasema itabidi kwanza wampige risasi, na Septemba 2022 Purosangue ikatoka, na wenyewe mpaka kesho hawaiiti SUV. Ukiiangalia mbele haina sura ya Ferrari yoyote unayoijua, taa zimejificha ndani ya matundu ya hewa, grili ya maana huioni. Lakini mtu yeyote akiiona ubavuni anasema hiyo ni Ferrari. Boneti ndefu, V12 ya lita 6.5 imesukumwa nyuma ya ekseli ya mbele, gia boksi imepelekwa nyuma, uzito umegawanyika asilimia 49 mbele na 51 nyuma, kimo mita 1.59 wakati Urus ni 1.64. Sentimita tano kwenye karatasi ni kitu kidogo, kwenye macho ni kubwa sana, hasa ukichukua rimu za inchi 22 mbele na 23 nyuma na ukazungushia mapaja ya tairi plastiki nyeusi ili bodi yenye rangi ionekane nyembamba kuliko ilivyo. Viti vinne tu. Milango ya nyuma inafungukia kinyume ili abiria aingie bila wao kurefusha gari. Yaani uso wameusamehe, umbo wakalilinda.

Watu wakiniona naisifia Purosangue wananiambia basi McLaren wafanye hivyohivyo. Hapana, na hapa ndo kwenye ugumu wenyewe. Ferrari walikuwa na babu wa kumnakili, tangu zamani wana magari ya V12 mbele na viti vinne, na karibuni tu walikuwa na FF ya 2011 na GTC4Lusso ya 2016, kwahiyo Purosangue ni FF iliyosimama wima. Aston Martin ndo kabisa, magari yao karibu yote injini iko mbele, ndo maana SUV yao, DBX ya 2019, walichukua grili yao ileile wakaikuza na ikakaa kama ilikuwepo siku zote (kilichowaangusha pale ni ndani, skrini ya kizazi cha nyuma cha Mercedes ambayo hata kuigusa kwa kidole huwezi, na walikuja kubadilisha dashibodi yote baadaye). McLaren hawana huyo babu. Tangu MP4-12C ya 2011 kila gari yao injini iko nyuma ya mgongo wa dereva. Ile gari yao ya barabarani iliyoitwa F1, ya 1992, iliyobuniwa na Gordon Murray, hivyohivyo. Kuna Mercedes SLR McLaren peke yake, ile ya 2003 mpaka 2009 iliyojengwa palepale Woking, injini mbele lakini imerudishwa nyuma ya ekseli, pua ndefu kama mashua. Nashangaa huwa haitajwi kwenye mjadala huu wakati ndo ushahidi pekee kwamba mikono ya Woking imewahi kujenga kitu chenye boneti ndefu, ingawa nembo ya mbele ilikuwa ya mtu mwingine.

Tuzungumzie basi huo uso ambao watu wanataka ubandikwe. Uso wa McLaren ni upi? Chukua 720S ya 2017, iliyochorwa kipindi cha Frank Stephenson, na huyu ndo mtu aliyechora bodi ya nje ya BMW X5 ya kwanza, kwahiyo SUV hazikuwa ngeni mkononi mwake. Kwenye 720S ile sehemu nyeusi inayozunguka taa kama tundu la jicho kumbe ni njia ya hewa, taa yenyewe ni mstari mwembamba umekatiza. Njoo kwenye mlango, umejengwa ngozi mbili, hewa inapita katikati ya ngozi ya nje na ya ndani inakwenda kwenye rejeta zilizo nyuma, ndo maana ile gari haina lile tundu kubwa la ubavuni kama wenzake. Kwahiyo uso na ubavu wa McLaren ni ramani ya hewa. Wenyewe wanajivunia hilo na mimi nawapenda kwa hilo kuliko hata kwa mwendo.

Sasa fikiria SUV yenye injini mbele. Rejeta zitakuwa mbele. Mlango hauna tena kazi ya kupitisha hewa kwenda popote, maana nyuma hakuna kinachopozwa zaidi ya breki na difu. Ukibandika ule mlango wa 720S kwenye SUV hii umebandika tundu la uongo, na tundu la uongo kwenye McLaren ni dhambi kubwa kuliko kutengeneza SUV yenyewe. Hapo ndo nawapinga wale wa upande wa kufananisha. Wanadhani wanalinda ukoo, kumbe kile kilichoufanya ukoo uwe ukoo, kwamba kila tundu lina kazi, ndo wanachokitupa.

Lakini niwape haki yao, mbele bado wana kesi. Matundu ya macho yanaweza kubaki na kazi ya kweli, yakapeleka hewa kwenye breki na kwenye vipoza hewa ya turbo, na SUV yenye nguvu inahitaji hewa nyingi mno mbele, ndo maana nyingi zinaishia na grili kubwa kama mlango wa ghala. Ukigawa hiyo hewa ikaingilia machoni, tundu la katikati linaweza kupungua, na hapo unapata SUV isiyo na mdomo mkubwa, ambayo hilo peke yake lingeitenga na zote zilizopo barabarani. Kwahiyo macho ndio, milango hapana. Huo ndo msimamo wangu na naona ni wa haki kwa wote.

Turudi kwenye injini maana nimesema ndo inayochora. McLaren tayari wana V6 ya lita 3 ya Artura, haibridi (petroli ikisaidiwa na umeme), na silinda zake zimefunguliwa nyuzi 120. Injini nyingi za V6 zimefungwa nyuzi 60 au 90, kwahiyo hii imelala, ni pana na fupi kwenda juu, turbo zimekaa katikati ya V. Waliiweka hivyo ili uzito ukae chini, ila mtu anayewaza SUV anaona zawadi nyingine kabisa, boneti ya chini! Sheria za usalama wa watembea kwa miguu kule Ulaya zinafanya kampuni ziache nafasi kati ya boneti na vyuma vigumu chini yake ili kichwa cha mtu kisikutane na injini, na hiyo nafasi ndo inayopandisha boneti za SUV. Injini iliyolala inakurudishia zile sentimita. Tatizo lake ni upana, mbele tairi zinakata kona, kuna mikono ya saspensheni, injini pana inagombania nafasi na vyote hivyo, kwahiyo namna ya kuiweka vizuri ni kuirudisha nyuma ya ekseli, kama SLR, kama Purosangue. Ukiirudisha nyuma boneti inarefuka, mlango unajitenga na tairi ya mbele, kioo kinarudi nyuma, na ghafla una ubavu wa gari ya spoti ambao hukuuchora kwa kutafuta uzuri, umekuja wenyewe. Gharama yake ni urefu wa gari, au miguu ya abiria wa nyuma, kimoja lazima kiumie.

Wapo wanaouliza kwanini injini isibaki katikati kama McLaren nyingine. Swali zuri na lina historia hata kwenye magari ya familia, Toyota Previa ya 1990, ambayo wengi tunaijua kama Estima, injini yake ilikuwa imelazwa chini ya viti vya mbele. Ilifanya kazi. Lakini sakafu ilipanda, na ile ni gari ndefu kwenda juu isiyojali kimo, wakati hapa tunapigania kila sentimita. Ukiweka injini nyuma ya viti vya pili unakosa buti, McLaren GT ya 2019 walipata lita 420 juu ya injini na bado ni nafasi ya mabegi laini na fimbo za gofu. Naona njia hiyo imefungwa, na inaniuma kuisema.

Umeme je? Hapa mfano wa kutisha ni Lotus, na nasema wa kutisha kwa upendo maana Lotus na McLaren ni ndugu kabisa kitabia, Waingereza, wadogo, imani yao ni wepesi. Elise ya kwanza ya 1996 ilikuwa kama kilo 725. Eletre ya 2022, SUV yao ya kwanza, ya umeme, inajengwa Wuhan, ina karibu tani mbili na nusu. Dizaini yake nje naiheshimu, wametoboa bodi hewa ipite ndani yake, mbele inaingia inatokea juu ya boneti, nyuma hivyohivyo, ni wazo la gari ya mashindano limewekwa kwenye kitu kirefu na limekubali. Lakini betri iko sakafuni, viti viko juu ya betri, paa liko juu ya vichwa, na hakuna mstari wa kalamu unaoweza kuficha rundo hilo. Wanaoitetea wanasema bila yeye Lotus isingekuwa na mustakabali, na kwamba mwendo wake haumwachi mtu na kinyongo. Kweli. Ila McLaren wakiingia huko watakuwa wameuza kitu ambacho 720S ilikuwa nacho, wepesi wa kilo 1,283 ikiwa kavu, yaani bila mafuta ndani, na hakuna uso wa kukirudisha. Kwangu haibridi yenye betri ndogo ndo inayomwachia dizaina nafasi ya kupumua.

Kuhusu kaboni faiba nina matumaini kuliko wengi. Wanasema chasisi ya kaboni ya milango minne haiwezekani kwa idadi kubwa, lakini BMW i3 ya 2013 ilikuwa na kibanda cha abiria cha kaboni na ilikuwa gari ya mjini ya kawaida. McLaren wana kiwanda chao cha kaboni karibu na Sheffield tangu 2018. Kwenye magari yao ya sasa kero ya kaboni ni kizingiti, unapanda kama unaingia kwenye beseni. Kwenye SUV mtu anakaa juu, kizingiti kirefu kinakuwa chini ya mapaja yake wakati anaingia, kwahiyo kasoro inapungua bila kufanya chochote. Bei itakuwa kali, sawa, ila hao hawashindani na Macan.

Halafu dereva. McLaren ndo kampuni iliyomkalisha dereva katikati, F1 hiyo ya 1992, gari 106, na Speedtail ya 2018, tena 106, dereva mbele katikati na abiria wawili nyuma ya mabega yake. Nimechora SUV ya namna hiyo mara nyingi, mmoja mbele, wawili, halafu wawili tena, na umbo linalotoka ni zuri ajabu, kibanda kinabana mbele kama tone la maji na mabega ya nyuma yanabaki mapana. Roho yangu inaitaka. Lakini nikijiuliza nani ataitumia siku ya Jumanne asubuhi, jibu linanirudisha chini, mtu anataka mwenzake akae pembeni yake waongee, kuchukua tiketi ya maegesho inakuwa kazi, na kuingia katikati kwenye gari refu ni kupanda mti. Ingekuwa toleo la magari mia moja ningesema fanyeni. Kwa gari inayotakiwa kuibeba kampuni, hapana. Kinachoweza kubaki ni kumkalisha dereva chini kuliko SUV zote, miguu imenyooka, na kumpa kioo cha mbele kikubwa na nguzo nyembamba, kwa sababu hilo nalo ni la McLaren, ndani ya 720S unaona nje vizuri kuliko kwenye gari nyingi za kawaida.

Milango ya kupanda juu sitaiongelea sana. Mbele inawezekana, na ingewapa watu wa kufananisha furaha yao. Nyuma, Tesla Model X ya 2015 walijaribu ya kwao na wenyewe ikawatesa mwanzoni. Mlango wa kupanda juu unahitaji tundu limekatwa mpaka kwenye paa, na paa la gari la milango minne lililokatwa pande zote mbili linakuwa jembamba na zito kwa pamoja.

Kwahiyo siku picha za kwanza za gari la majaribio zikivuja, limevalishwa lile karatasi la madoadoa, taa za bandia, plastiki kila kona, msihangaike na uso maana watakuwa wameuficha kwa makusudi. Chukua picha ya ubavuni, weka rula. Pima kutoka katikati ya tairi ya mbele mpaka mwanzo wa mlango, halafu pima kutoka katikati ya tairi hiyohiyo mpaka mwisho wa bampa. Kama cha kwanza ni kirefu waziwazi kuliko cha pili, injini imerudishwa nyuma na kazi kubwa imeshafanyika. Kama ni kinyume, basi wamechukua mifupa ya mtu mwingine na tutaletewa mistari ya kuificha. Kisha pima kimo cha tairi dhidi ya kimo cha gari zima, tairi ikikaribia nusu mko salama. Na kwenye mlango kama kuna tundu limezibwa kwa gundi na karatasi, subirini picha ya nyuma muone hiyo hewa inatokea wapi.